Athi: njia ya kurudi

Wadau, kwetu Yakobi, Njombe, Land Rover siyo gari tu, ni kama ndugu. Lakini mnajua kwamba zile za zamani, za mwaka 1948 hadi 1967 hivi, chanya ya betri ndiyo ilifungwa kwenye bodi? Baadaye Waingereza wakageuza, hasi ikawa athi kama magari ya leo. Funga redio ya kisasa kwenye zile za kale bila kuuliza, uone moshi.

Bodi ya chuma ni waya wa kurudi, tena wa bure. Ndio maana Richard VanGrunsven wa Marekani, aliyerusha ndege yake ya alumini RV-3 mwaka 1971, na maelfu waliojijengea ndege za RV baada yake, wanaumiza kichwa na athi. Kwenye ndege kila kilo ya shaba ina bei yake.

Sasa kuna kimkanda. Injini inakaa juu ya mipira, na mpira haupitishi umeme, kwa hiyo lazima mkanda mnene wa shaba uiunganishe na bodi. Ukisahaulika, stata inavuta ampea zaidi ya 100, na umeme unajitafutia njia nyingine: kebo ya akseleta. Inaungua, inakwama. Barabara ya Makambako utapaki pembeni. Angani je?

Mwaka 2010 Mkenya Gabriel Nderitu alijenga ndege kwa injini ya Toyota. Watu walibishana mabawa. Mimi natafuta picha inayoonyesha ule mkanda.