Ulimi wa Nguruwe

Kwamba kitimoto isiyoiva huzaa tegu tumboni, jambo ambalo mlaji wa Mpanda, mkoani Katavi, leo anaambiwa kama la kawaida, lilithibitishwa Ujerumani mwaka 1855 kwa jaribio ambalo sasa lingempeleka mtafiti kizimbani.

Wakati huo wataalamu wengi waliona vifuko vyeupe vya kwenye nyama ya nguruwe kuwa kitu kimoja, na tegu wa mtu kitu kingine kabisa. Daktari Friedrich Küchenmeister alishuku. Akapata mfungwa aliyehukumiwa kifo, akamlisha vifuko hivyo ndani ya chakula bila mwenyewe kujua. Mtu yule alipokwisha kuuawa, daktari alipasua utumbo wake akakuta tegu wachanga 10. Wapo waliomlaumu, na sidhani walikosea.

Tegu wa tumboni, hata hivyo, ndiye mwenye nafuu. Mayai yake hutoka na kinyesi. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, vifuko humea kwenye nyama yake. Mtu naye akimeza mayai hayo kwa mikono michafu, maji au mboga, hali ni ileile: vifuko hukaa misulini, machoni, hata kwenye ubongo. Hapo kifafa huweza kuanza, kwa mtu ambaye pengine hajawahi kuonja nguruwe.

Nchini Tanzania, mkondo huu wa maambukizi ulifuatiliwa kwa subira wilayani Mbulu. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mtafiti Andrea Winkler na wenzake walipiga picha za CT za wagonjwa wa kifafa. Baadhi walikutwa na alama za vifuko hivyo kichwani. Upande wa mifugo, Helena Ngowi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo alitumia mbinu wanayoijua wachuuzi wa nguruwe katika nchi nyingi: mlaze mnyama, vuta ulimi, papasa chini yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Kati ya nguruwe 770, asilimia 17.4 walikuwa na vinundu vya vifuko hivyo, na ulimi hauwafichui wote.

Kisha, hukohuko Mbulu, ikaja elimu ya vijijini kuhusu maambukizi haya. Taarifa ya mwaka 2008 ilionyesha maambukizi mapya ya nguruwe yamepungua kwa asilimia 43, ingawa hali ya vyoo haikubadilika sana. Mfugaji wa Katavi ana la kuokota hapo: nguruwe aliyefungiwa bandani hafikii kinyesi cha kichakani, choo kiwepo kisiwepo.