Ahadi ya Kutobadilika: Mrejesho wa Waunda Programu katika Historia ya Maktaba ya GTK, 1996–2025

Historia ya programu huria imezoeleka kuandikwa kama historia ya leseni: nani aliruhusu nini, na kwa masharti gani. Makala haya yanafuata mkondo mwingine. Yanaichunguza GTK, maktaba ya zana za kujengea madirisha, vitufe na menyu za kompyuta, kwa kuuliza swali ambalo leseni hailijibu: muundo wa amri za maktaba unapobadilishwa, gharama humwangukia nani, naye husikilizwa wapi? Taasisi inayojenga mifumo yake juu ya programu huria hupokea msimbo bure. Kazi ya kuufuata msimbo huo kila unapobadilika haigawiwi bure.

Chanzo cha GTK ni kero ya leseni. Peter Mattis na Spencer Kimball, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliitoa GIMP, programu ya kuhariri picha, mwaka 1996. Toleo lake la mwanzo lilitegemea Motif, maktaba iliyouzwa, hivyo aliyetaka kuijenga GIMP kutokana na msimbo wake alihitaji kwanza kununua kitu kingine. Mattis akaandika maktaba mbadala, na herufi G katika jina lake ni ya GIMP yenyewe. Mrejesho haukuwa tatizo katika hatua hiyo, kwa kuwa mtengenezaji wa zana na mtumiaji wake walikuwa watu walewale.

Hali hiyo haikudumu. Mradi wa GNOME, ulioanzishwa Agosti 1997, uliichagua GTK kuwa msingi wake. Toleo la 1.0 likatoka Aprili 1998. Toleo la 2.0, la Machi 2002, lilileta Pango, mfumo wa kupanga maandishi ya hati mbalimbali, zikiwamo zinazoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto (jambo lisilo dogo kwa yeyote anayeshughulikia Kiswahili cha hati ya Kiarabu). Kuanzia hapo hadi 2.24, mwaka 2011, ahadi ilikuwa moja: programu iliyojengwa kwa toleo la awali la mfululizo wa 2 ingeendelea kufanya kazi kwa matoleo yaliyofuata.

Utulivu huo ulikuwa na bei, na watunzaji wa maktaba ndio walioilipa. GTK imeandikwa kwa lugha ya C, na sehemu za ndani za kila wijeti zilikuwa wazi. Waunda programu walizisoma na hata kuzibadilisha moja kwa moja bila kupitia amri rasmi. Matokeo yake, hata kasoro ya ndani isingeweza kurekebishwa bila kuvunja programu ya mtu fulani. Mwaka 2008 toleo la 2.14 lilianza kuzifunga sehemu hizo, kwanza kwa hiari ya kila muunda programu. Waliojaribu kujenga programu zao kwa utaratibu huo walikuta mahali ambapo amri mbadala hazikuwapo, na amri hizo zikaongezwa katika matoleo yaliyofuata kabla ya 3.0, la Februari 2011, kuufanya utaratibu kuwa sharti. Kwa maoni yetu huo ndio mrejesho uliofanya kazi vizuri kuliko wote katika historia hii. Hautajwi sana, labda kwa sababu haukuzua ugomvi.

Ugomvi ulikuja baadaye. Katika mfululizo wa 3 amri zilihifadhiwa, lakini lugha ya kupamba mwonekano wa wijeti haikuwa ndani ya ahadi, na toleo la 3.20 la Machi 2016 liliibadilisha kwa kiwango kilichovunja mapambo mengi yaliyoandikwa na watu wa nje. Kisheria watunzaji hawakuwa na kosa. Lakini mpaka wa ahadi walikuwa wameuchora wao, na waliokuwa upande wa pili waliugundua baada ya kuumia.

Juni 2016, katika kikao cha kazi mjini Toronto, watunzaji walipendekeza utaratibu mpya: toleo kubwa kila miaka miwili, na ndani yake matoleo madogo yanayoruhusiwa kuvunja upatanifu kila miezi sita, hadi toleo la 4.6 ndipo utulivu upatikane. Maana yake, namba 4.0 isingekuwa toleo thabiti. Pingamizi zilikuwa kali, na Septemba mwaka uleule mpango ulirekebishwa: majaribio yangebeba namba zinazoanzia 3.89, na 4.0 ingekuwa ahadi ya kweli. Ilitoka Desemba 2020.

Mjadala huo wa 2016 ulihusu namba, si muundo. Namba zikabadilishwa, muundo ukabaki mikononi mwa wachache walewale. GTK 4 iliondoa amri iliyofungua kisanduku cha mazungumzo na kuisubirisha programu hadi mtumiaji ajibu. Sababu za kiufundi zilikuwa nzuri, kwani kusubiri kwa namna hiyo kulizaa hitilafu ngumu kutambua. Lakini mistari mingi ya msimbo ilitegemea amri hiyo. Vivyo hivyo wijeti ya orodha na majedwali iliyoletwa na 2.0 ilitangazwa rasmi kuwa ya kuachwa katika 4.10, Machi 2023, baada ya miaka 21 ya matumizi.

Si wote waliokubali kuifuata safari hii. Subsurface, programu ya kumbukumbu za wapiga mbizi iliyoanzishwa na Linus Torvalds, ilihamia maktaba ya Qt. Inkscape iliifikia GTK 3 kwa toleo lake la 1.0, Mei 2020. GIMP, ambayo kwa ajili yake maktaba hii iliandikwa, ilibaki kwenye GTK 2 hadi Machi 2025, ilipotoka GIMP 3.0. Toleo hilo limejengwa juu ya GTK 3, wakati GTK 4 ilikuwa imetimiza zaidi ya miaka minne.