Kiunzi cha Waya: Gari la Kaka na Picha ya Kompyuta

Neno ninalotaka kulijadili leo ni kiunzi. Mafundi hulitumia kwa mbao au vyuma vinavyofungwa kwanza ili vishike kitu kingine; walimu wa sayansi husema kiunzi cha mifupa. Mimi nimelikuta mahali pengine: katika gari la waya alilonitengenezea kaka yangu, ambalo mwaka jana nilijaribu kulichora kwa kompyuta.

Sisi tuliokulia Tanga tulilijua vyema gari la namna hiyo. Waya ulikuwa ule wa kufungia nondo, uliookotwa palipojengwa nyumba. Magurudumu yalikatwa kwenye ndala zilizochakaa. Usukani ulikaa juu ya waya mrefu, ili dereva atembee nyuma ya gari lake bila kuinama. Gari halikuwa na bodi. Lilikuwa na kingo tu, na macho yetu ndiyo yaliyojaza mabati, vioo na rangi.

Kumbe wataalamu wa picha za kompyuta nao walianzia kwenye kingo. Mwaka 1963 Ivan Sutherland, akiwa mwanafunzi katika chuo cha MIT nchini Marekani, aliwasilisha programu aliyoiita Sketchpad, iliyomwezesha mtu kuchora mistari juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Mwaka 1972 alikuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Utah. Wanafunzi wake walihitaji kitu halisi cha kupima, wakalichukua gari la mkewe Marsha, Volkswagen lenye mgongo wa mviringo. Waliigawa bodi kwa mistari waliyoichora juu yake, wakapima mahali pa kila ncha kwa fimbo za kupimia, kisha wakaiingiza hesabu hiyo katika kompyuta. Kila ncha ilihitaji namba tatu: ya urefu, ya upana na ya kimo. Kilichotokea kwenye kioo kilikuwa, kwa macho ya mtoto yeyote wa kwetu, gari la waya.

Ngozi ya juu ilihitaji maarifa mengine. Katika chuo hicho hicho, Mfaransa Henri Gouraud alionyesha mwaka 1971 namna ya kulainisha vivuli baina ya ncha na ncha, ili vipande bapa vionekane kuwa uso mmoja. Kwa jaribio lake alichora mistari usoni mwa mkewe, Sylvie. Bui Tuong Phong, mzaliwa wa Vietnam, akatafuta hesabu ya ule mng'ao unaoonekana juu ya kitu laini kinapopigwa na mwanga, akaiwasilisha mwaka 1973. Alifariki mwaka 1975, angali kijana, na njia yake hadi leo huitwa kwa jina lake.

Programu niliyoitumia mimi, Blender, imesimama juu ya kazi za namna hiyo. Mwaka 2002 watu wa nchi mbalimbali walichanga euro 100,000 ili msimbo wake uwe huru kwa wote. Ndiyo maana mtu kama mimi huipata bila malipo.

Basi nikaketi kuchora. Kaka ameshatangulia mbele ya haki, na gari lenyewe lilipotea zamani bila kupigwa picha. Kompyuta haikubali kuambiwa kwamba lilikuwa dogo kiasi hiki, hutaka namba. Nikakumbuka kwamba kaka hakuwa na rula. Alipima kwa shubiri: urefu shubiri mbili, upana shubiri moja. Lakini shubiri ya nani? Ya mtoto wa miaka kumi na mmoja. Nikamwita mwanawe, ambaye sasa ana umri huo, nikamwomba atandaze kiganja mezani. Kutoka gumba hadi kidole cha mwisho nilipata sentimita 16. Vipimo vyote vya picha vimetoka katika mkono huo.

Picha ya kwanza ilikuwa safi mno. Mama aliitazama, akasema, "Hili si la mwanangu. La kwake lilikuwa na mikunjo." Alisema kweli. Waya wa kuokotwa huja umeshapindwa na kazi nyingine. Nikarudi kuisogeza ncha moja baada ya nyingine, mpaka mlango wa kushoto ukakaa upande. Safari hii Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Mtoto ndiye aliyeuliza, "Baba mdogo, lilikuwa linakwendaje bila betri?" Nikamjibu, "Baba yako alikuwa akilisukuma, na mimi nilikuwa honi."

Ndiyo maana napendekeza tuseme kiunzi cha waya, chenye ncha, kingo na nyuso. Maneno hayo tunayo tayari. Tuliyashika mikononi kabla ya kuona kompyuta. Na kwenu washairi: vina na mizani ni kiunzi pia, nami sina ugomvi navyo. Lakini ubeti ulionyooka kila mahali hunikumbusha ile picha ya kwanza, ambayo Mama hakuitambua.

Gari la kaka sijaliwekea bodi. Halikuwa nayo.