Runinga Iliyozimwa: Leseni ya Muziki na Mzigo wa Ushahidi Nyamache

Alasiri nyingi mvua huifunga Nyamache. Mji huu mdogo wa Bobasi, katika Kaunti ya Kisii, umezungukwa na mashamba ya majani chai, na inaponyesha kila aliye barabarani hukimbilia baraza la karibu: mchumaji aliyetoka kupima majani, kijana wa boda boda, mama mwenye mkungu wa ndizi. Tuseme baraza hilo ni la kinyozi. Ukutani ana runinga, na kwenye rafu redio inayosema Ekegusii kupitia Egesa FM. Hakuna aliyealikwa wala aliyelipa kiingilio, na kati ya watu kumi waliojibanza pale pengine ni mmoja tu atakayenyolewa. Je, wimbo unaowafikia kupitia mlango ulio wazi umechezwa hadharani? Kwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, swali hilo lina bei.

Bei hiyo si leseni ya runinga kwa maana wanayoijua Waingereza. Redio ilipoanza kutangaza Nairobi mwaka 1928, wasikilizaji wake wa kwanza walitakiwa kuwa na leseni kama ilivyokuwa London, na runinga ilipofika mwaka 1962 ilikuta mazoea hayo. Leo hakuna afisa anayebisha hodi kwa mkulima wa Nyamache kumuuliza kibali cha kutazama taarifa ya saa moja. Anayebisha hodi huenda kwenye maduka, na anachodai ni ada ya muziki. Jamii ya Hakimiliki za Muziki ya Kenya, MCSK, iliyoanzishwa mwaka 1983, imekuwa ikikusanya kwa niaba ya watunzi; KAMP kwa niaba ya watayarishaji wa rekodi; PRISK kwa niaba ya waimbaji na wapigaji. Zote huhitaji idhini ya Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, KECOBO. Kinyozi, saluni, hoteli, baa na matatu hutarajiwa kulipa kila mwaka na kubandika stika mahali inapoonekana.

Ugumu huanza kwa yule asiyecheza chochote. Runinga yake iliharibika, au king'amuzi kilikwisha malipo, au ameamua tu kwamba kazi na kelele havipatani. Mkusanyaji anaingia, anatazama ukutani, anauliza stika iko wapi.

Hoja ya makala haya ni kwamba leseni hii ni ya tendo, ilhali utekelezaji wake umeifanya kuwa ya chombo. Sheria inamdai mtu anayesababisha kazi ya muziki ichezwe mbele ya umma. Haimdai mtu kwa sababu ana kioo kilichoning'inizwa msumarini. Lakini tendo hupita na hewa, na chombo hubaki kinaonekana. Mkusanyaji aliyepewa eneo la kumaliza kabla ya jua kutua atachagua ushahidi ulio rahisi, na tangu hapo mwenye duka ndiye anayepaswa kuthibitisha kwamba hakufanya. Ni nani awezaye kuthibitisha kimya cha miezi sita?

Uingereza imeishi na fumbo hili kwa zaidi ya miaka 70, na wana wa Gusii waliokwenda huko kufanya kazi za uuguzi na malezi ya wazee wamekutana nalo kwenye sanduku la barua. Leseni ya redio ilianza huko mwaka 1922 kwa shilingi 10. Ya runinga ikafuata mwaka 1946 kwa pauni 2. Mwaka 1952 magari ya kunasa mawimbi yalianza kuzunguka mitaani, na hofu yake ilifanya kazi kubwa kuliko mitambo yake. Aprili 2025 leseni ya mwaka ilipanda hadi pauni 174.50, nayo hutakiwa kwa anayetazama matangazo ya moja kwa moja katika chaneli yoyote au anayetumia huduma ya iPlayer ya BBC. Asiyefanya hayo hadaiwi kitu, hata akiwa na runinga sebuleni. Afisa akija, hana haki ya kuingia bila ruhusa ya mwenye nyumba au hati ya mahakama. Pamoja na hayo, anwani isiyo na leseni huendelea kupokea barua, na kila inayofuata huwa na sauti kali kuliko iliyotangulia. Mgeni aliyetoka Kisii majuzi, aliyezoea kwamba barua yenye nembo haiji bure, hulipa ili moyo utulie.

Jambo moja katika rekodi za mahakama za Uingereza linastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Miongoni mwa waliohukumiwa kwa kukosa leseni ya runinga katika miaka ya karibuni, zaidi ya asilimia 70 ni wanawake. Haielekei kwamba wanawake ndio wanaokwepa ada kiasi hicho. Maelezo yaliyotolewa mara nyingi ni kwamba wao ndio hukutwa nyumbani mlango unapobishwa na ndio hufungua. Ukaguzi wa kubisha hodi, basi, hupima uwepo. Humkamata aliyepo, na aliyepo si lazima awe mwenye kosa, wala mwenye chombo, wala mwenye pesa.

Hapo ndipo Nyamache na Uingereza hukutana. Saluni nyingi za miji midogo huendeshwa na msichana wa kuajiriwa. Mwenyewe yuko Kisii mjini, au Nairobi, au shambani anavuna chai. Kinyozi naye mara nyingi ni kijana anayelipwa kwa kila kichwa. Watu wawili wakiingia na vitambulisho shingoni, wakitaja mahakama na kunyang'anya spika, yeye ndiye anayetetemeka. Akipiga simu, tajiri hapokei. Akisema, "Mkubwa, hii TV haifanyi kazi," huulizwa mbona basi haijatolewa ukutani. Ni swali lisilo na uhusiano wowote na sheria, ila lina nguvu katika chumba kidogo chenye wateja wawili wanaosikiliza.

Haifai, hata hivyo, kuigeuza hadithi hii kuwa ya wanyonge na majambazi. Ada ina msingi wa haki. Katiba ya 2010, ibara ya 40(5), inaitaka Serikali ilinde mali ya ubunifu ya Wakenya, na Wagusii wana sababu yao wenyewe ya kulitaka hilo. Marehemu Christopher Monyoncho alitunga kwa Ekegusii nyimbo zilizopigwa baa kwa baa kwa miongo kadhaa, zikauza bia na nyama choma za watu ambao hawakumjua. Mpigaji wa obokano, kile kinubi kikubwa cha nyuzi nane, hana kampuni ya kumtetea. Na wakusanyaji nao husikia uongo mchana kutwa. Anayemwona mkusanyaji akija hushusha sauti; mkusanyaji akipita, huipandisha. Kama kila anayesema "sichezi" angeaminiwa papo hapo, hakuna ambaye angelipa.

Tatizo ni kwamba ukali wa mlangoni haujafuatwa na uaminifu wa upande wa pili. Mwaka 2019 MCSK iligawa fedha na wanachama wengi wakapokea shilingi 2,530 kila mmoja, kiasi kilichozua hasira na dhihaka nchi nzima. Mwenye baa aliyelipa maelfu akitajiwa kiasi hicho ana haki ya kuuliza pesa yake ilimfikia nani. Swali hilo halimwondolei deni, ila linaeleza kwa nini hoja ya "tunamtetea msanii" haina uzito uliotarajiwa ikisemwa mlangoni pa saluni.

Idhini nayo imeyumba. Mwaka 2017 KECOBO iliinyima MCSK leseni na kuipa jumuiya nyingine ya wachapishaji wa muziki, MPAKE. Mnamo Agosti 2021 bodi hiyo hiyo ilifuta leseni za MCSK, KAMP na PRISK kwa pamoja. Kwa hiyo mfanyabiashara anayemwuliza mkusanyaji, "Ndugu, wewe mwenyewe una leseni ya mwaka huu?" hafanyi ujeuri. Anauliza swali ambalo msimamizi wa sekta ameliuliza mara mbili katika miaka minne na kulijibu kwa kukataa.

Vyeo vya wanaoingia navyo havifanani, ingawa mavazi yanaweza kufanana. Jumuiya za ukusanyaji ni taasisi za binafsi. Wakala wake hana mamlaka yake mwenyewe ya kupekua wala kubeba spika. Mkaguzi aliyeteuliwa na KECOBO ana mamlaka ya kuingia kwa saa za kawaida, lakini baada ya kuonyesha hati yake. Polisi ana taratibu zake. Askari wa kaunti, ambao watu huwaita kanjo, wanahusika na kibali cha biashara, na stika ya muziki si yao. Wanapokuja kwa gari moja, kijana wa saluni huona serikali nzima imeshuka. Kuwatenganisha kwa maswali ya upole, jina nani, ofisi gani, hati iko wapi, ndiyo hatua ya kwanza ya kujitetea, na haihitaji wakili.

Katiba inampa silaha nyingine. Ibara ya 31 inazuia kupekuliwa na kunyang'anywa mali bila sababu. Ibara ya 47 inampa haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale hatua ya kiutawala inapomdhuru. Ibara ya 50 inamchukulia mshtakiwa kuwa hana hatia hadi ithibitishwe vinginevyo. Sheria ya Hakimiliki yenyewe inampa nafasi anayetenda kwa nia njema, ingawa hapo ni yeye anayepaswa kuionyesha nia hiyo, na wachache hulikumbuka sharti hilo wanapojigamba mbele ya mkusanyaji.

Kuna pia utetezi unaosikika vizuri lakini hausimami. "Mimi naweka habari tu" ni mmoja wao. Taarifa ya habari ina kiashirio chake, matangazo ya biashara yana nyimbo zake, na kipindi kinachofuata huanza kabla mtu hajashika rimoti. Mwingine ni kwamba kituo cha redio kimeshalipa. Kimelipia kutangaza, kuwachezea wateja dukani huhesabiwa kuwa tendo jingine, na ndivyo hakimiliki inavyoendeshwa katika nchi nyingi. Anayetaka kusema hachezi inambidi kweli asicheze. Hata wale waliojibanza barazani huhesabika, kwa kuwa wako nje ya mzunguko wa familia na marafiki wa karibu ambao wanasheria huuita wa faragha. Mvua haijapata kutajwa kama kinga, ingawa ingekuwa kesi tamu kuisikiliza.

Kwa asiyecheza kweli, kinachofanya kazi ni karatasi. Barua ya mwenye duka kwa jumuiya husika, nakala kwa KECOBO, ikieleza kwamba eneo halina muziki tangu tarehe fulani, ikigongwa muhuri wa kupokelewa na nakala kubaki dukani alipo msichana wa saluni, humwondolea kijana aliyepo mzigo wa kubishana. Asilipe taslimu, asitie sahihi fomu asiyoisoma, na aandike siku na saa ya kila ziara. Bora zaidi ingekuwa KECOBO yenyewe kufungua daftari la matamko ya aina hiyo, lipatikane hata kwenye kituo cha Huduma Kisii, na kumlazimu mkusanyaji alitazame kabla ya kuingia.

Waingereza wanalo tamko kama hilo. Mtu huandika kwamba hahitaji leseni, barua zikakoma, japo ofisi hubakiza nafasi ya kutuma afisa kuhakikisha. Tamko hudumu takriban miaka miwili, kisha barua huanza upya. Kwa kinyozi wa Nyamache muda huo ungekuwa mwingi: duka la kukodi huenda likawa limebadili mwenyewe mara mbili, na runinga iliyozimwa ikawa imeuzwa ili kulipa karo.