Mbwa wa ulinzi: Ukali pekee hautoshi

KATIKA nyumba nyingi za pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, kuanzia Tegeta wilayani Kinondoni hadi Mbagala wilayani Temeke, mbwa hufugwa kwa ajili ya ulinzi. Hata hivyo, si kila mbwa mkali anafaa kufunzwa kazi hiyo.

German Shepherd, aliyeanza kuendelezwa rasmi nchini Ujerumani mwaka 1899, ndiye aliyetungiwa mtihani uitwao Schutzhund mwanzoni mwa karne ya 20. Mtihani huo hupima mambo matatu: kufuata nyayo kwa kunusa, utii na ulinzi. Mbwa huyu hujifunza upesi.

Malinois wa Ubelgiji ni mwepesi na ana ari kubwa zaidi, lakini akifungiwa bila kazi huwa msumbufu. Rottweiler, ambaye zamani aliswaga ng'ombe, ni mtulivu mwenye nguvu nyingi. Asipozoeshwa watu tangu udogoni huweza kuwa hatari. Doberman huwa macho daima, ila hushtuka haraka. Mbwa wa kienyeji huvumilia joto na hubweka mapema, ingawa mara nyingi hukwepa mapambano.

Pamoja na tofauti hizo, tabia ya kila mbwa hutegemea pia wazazi wake na malezi.

Kipimo kikuu cha mafunzo si kung'ata, bali kuachia mara tu anapoamriwa. Kwenye mitaa yenye nyumba zilizosongamana, mbwa asiyeachia, au asiyechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa, huwatishia watoto wa jirani kuliko mwizi.