Tanuri la Kijiji na Kiwanda cha Mikate

Kiswahili kina neno moja, tanuri, kwa mahali pa kuokea mkate na mahali pa kuchomea matofali. Lugha haikukosea. Fundi wa Chato ajuaye kupanga tanuri la matofali kandokando ya shamba anajua tayari nusu ya kazi ya kujenga tanuri la mikate: msingi wa mawe, sakafu ya matofali ya kuchoma, kuba lililokandikwa udongo wa kichuguu, na mlango mmoja tu, ambao ndio njia ya moshi vilevile. Kuni huwashwa ndani ya kuba lenyewe. Kuta zikishashika moto, makaa hukokolewa nje, madonge yaliyoumuka huingizwa kwa ubao wenye mpini mrefu, na mlango huzibwa. Mkate huiva kwa joto lililohifadhiwa ukutani. Lina kasoro, bila shaka: linakula kuni, na kuni za ukanda huu wa Ziwa zinazidi kwenda mbali.

Naeleza haya kwa urefu kwa sababu mwanzoni mwa miaka ya 1970, taifa likihubiri kujitegemea, swali la namna ya kuoka mkate lilifika mezani kwa serikali. Jibu lilikuwa kiwanda cha mitambo Dar es Salaam, kwa msaada wa Kanada, chini ya Shirika la Usagishaji la Taifa. Mchumi Andrew Coulson alikikosoa kwa hoja nyepesi: bekari ndogo nyingi zingegharimu fedha kidogo zaidi na kuajiri watu wengi zaidi.

Ngano nayo ilikuwa na historia yake. Kanada hiyo hiyo ilifadhili mashamba ya NAFCO huko Hanang, takriban ekari 100,000, juu ya malisho ya Wabarbaig. Kijiji cha Mulbadaw kilishtaki, kikashinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi huo.

Leo kila halmashauri, Chato ikiwamo, hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Namwuliza afisa maendeleo ya jamii asomaye haya: kikundi cha akina mama kikikuletea mchoro wa tanuri la udongo badala ya ankara ya oveni ya umeme, je, utauhesabu kuwa mradi?