Mbio, Mwendo na Saburi: Sitiari ya Mashindano katika Ukristo wa Kibera na Kawangware

Katika mazishi ya Wakristo wa Kibera na Kawangware ni kawaida kusikia kwamba marehemu amemaliza mwendo. Kauli hiyo imezoeleka hata asili yake katika uwanja wa michezo haikumbukwi tena. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba sitiari ya mbio, ilipoingia katika Kiswahili, ilikuta lugha yenye fikra zake kuhusu mbio, na kwamba kutokana na makutano hayo ilipata maana ambazo Mtume Paulo hakuwa nazo.

Paulo aliwaandikia watu waliokuwa majirani wa uwanja. Karibu na Korintho ilifanyika michezo ya Isthmia kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa shada la majani ambalo halikukawia kukauka. Mbio zilizotukuzwa kuliko zote miongoni mwa Wayunani zilikuwa fupi mno: urefu wa uwanja mmoja, yaani mita 192 hivi kule Olympia. Ni mwandishi wa Waraka kwa Waebrania aliyezifunga mbio na uvumilivu pamoja, na huyo ndiye aliyesikika zaidi kwetu.

Sasa tuitazame lugha iliyopokea sitiari hii. Hekima ya Waswahili haikuziamini mbio. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Haraka haraka haina baraka. Polepole ndio mwendo. Wafasiri waliomfuata Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri mwaka huo huo, hadi Biblia ya Union ya mwaka 1952, walikuwa na kazi ya kumfanya mtu anayekwenda mbio awe kielelezo cha imani mbele ya wasikilizaji waliofundishwa tangu utotoni kumcheka. Hawakuegemea kitenzi “kukimbia”, na tunavyoona sisi walifanya vyema, maana katika Kiswahili akimbiaye huwa pia anatoroka; shina lililotupa mkimbiaji ndilo lililotupa mkimbizi. Walichagua “kupiga mbio”, na pale Paulo anapoutazama mwisho wa maisha yake wakachagua “mwendo”, neno lile lile la methali. Hivyo mwanariadha wa Kiyunani akapunguzwa kasi, akawa msafiri.

Maneno mengine ya uwanja huo, yaani saburi, thawabu, taji na hata imani yenyewe, yalikuwa yamekwisha kukaa pwani kwa karne nyingi katika vinywa vya Waislamu. Jambo hili lina uzito wa pekee Kibera, mahali ambapo jina lenyewe linatokana na Kinubi, kwa maana ya msitu. Wakazi wake wa kwanza walikuwa askari Wanubi wa jeshi la Kiingereza la King's African Rifles pamoja na jamaa zao, waliopewa makazi huko mwanzoni mwa karne ya 20, nao walikuwa Waislamu. Mkristo anayehimizwa leo kuwa na saburi katika kanisa la mabati la Makina, hatua chache kutoka msikitini, anahimizwa kwa neno ambalo jirani yake analijua barabara. Neno “tuzo”, kwa upande wake, linatokana na kutuza, yaani kumpa zawadi mchezaji au mwimbaji katika ngoma. Kwa sikio la pwani, basi, mashindano ya Paulo yalikuwa na harufu ya ngoma kabla ya kuwa na vumbi la uwanja.

Lakini utajiri mkubwa zaidi, kwa maoni yetu, umo katika kitenzi “kushinda”. Mshindi ni yule anayewapita wenzake. Hata hivyo, kushinda ni pia kukaa mahali mchana kutwa: mtu hushinda nyumbani, hushinda njaa, hushindia uji. Katika Kiswahili cha Nairobi, ashindaye akifanya jambo ni yule asiyeacha kulifanya. Maana hizi tatu, yaani kupita wengine, kuimaliza siku na kutoacha, hukaa ndani ya neno moja bila kugombana. Kiyunani hakikumpa Paulo neno la namna hiyo. Kibarua atokaye Kibera alfajiri na kufuata reli kwa miguu kwenda kutafuta kazi Industrial Area, au mama wa Kawangware apandaye kwenda Lavington kufua nguo, akiambiwa kanisani kwamba atashinda, anasikia ahadi inayomhusu hata akirudi mikono mitupu. Siku imeisha naye yupo.

Historia ya michezo nchini iliongeza tabaka jingine. Misheni ya Waskoti ya Thogoto, isiyo mbali na Kawangware, ililea vijana kwa Biblia na kwa mpira, na pale Alliance, shule iliyofunguliwa mwaka 1926, Carey Francis aliyeiongoza kuanzia 1940 hadi 1962 aliihesabu michezo kuwa sehemu ya malezi ya tabia. Lakini aliyezitukuza mbio zenyewe machoni pa Wakenya wa kawaida ni Kipchoge Keino. Kule Mexico mwaka 1968, akiugua nyongo, alianguka katika mbio za mita 10,000 zikiwa zimebaki raundi chache. Akainuka akazimaliza ingawa alikuwa ameshaondolewa katika mashindano. Siku chache baadaye alitwaa medali ya dhahabu ya mita 1,500. Mhubiri hupenda kuishia kwenye dhahabu. Mhakiki angependa abaki kidogo kwenye zile mita 10,000, zisizo na tuzo yoyote, kwa kuwa ndizo zilizo karibu zaidi na mwendo wa Waebrania.

Hapa ndipo penye hatari. Injili ya mafanikio, iliyoenea mno mijini tangu miaka ya 1980, imeligeuza taji kuwa gari na nyumba, na kwa mantiki hiyo asiyepata hakukaza mwendo. Sitiari iliyokuwa faraja inakuwa hukumu. Inasahau kwamba wakimbiaji wa Nairobi hawaanzii mstari mmoja. Julai 2018, nyumba na shule zilipobomolewa Kibera ili kupisha barabara, maelfu waliamka bila makao. Hao walikuwa wakimbizi kabla ya kuitwa wakimbiaji, na kuwahubiria kasi ni kutoisikia lugha unayoitumia.

Yapo mashindano mengine huko. Tangu mwaka 2001 shirika la Carolina for Kibera limeendesha ligi ya kandanda ambayo timu zake hutakiwa kuchanganya vijana wa makabila mbalimbali. Si mradi wa kanisa, na wachezaji wake ni Wakristo kwa Waislamu. Lakini katika kandanda hakuna apokeaye tuzo peke yake, na hilo linagusa shida ambayo Paulo aliiacha wazi alipotumia mfano wa mshindi mmoja kuzungumza na kanisa zima.

Litafaa kuchunguzwa zaidi neno “mede”, ambalo wafasiri wa Union walilitumia katika Waraka kwa Wafilipi kwa maana ya kikomo cha mashindano. Neno hilo limekwisha kutoweka katika mazungumzo ya Nairobi. Linaposomwa Laini Saba au Kawangware, mwendo husikika mara moja, ila mede hubidi kufafanuliwa, na kila mhubiri huijaza kadiri aonavyo.